Kipimo kwanza, kifaa baadaye: Namna ya kuchagua kifaa cha kurekebisha injini ya pikipiki iliyobadilishwa

MWENYE pikipiki kubwa anapoondoa bomba la moshi lililotoka kiwandani na kufunga jingine lenye sauti nene, kisha akabadilisha na kichujio cha hewa, huamini kuwa kazi imekwisha. Siku chache baadaye mambo hugeuka. Bomba hutoa milipuko midogo kila anapoachia mafuta, injini hupata joto kupita kawaida, na nguvu aliyoitarajia haionekani. Akirudi dukani huoneshwa vifaa vinne au vitano vya kurekebisha injini, kila kimoja kikiahidi kumaliza tatizo.

Hapo ndipo wengi hupoteza fedha, na wachache hupoteza injini yenyewe. Kifaa kisichofaa, au kinachofaa lakini kimepewa tarakimu zisizo sahihi, kinaweza kuiacha injini ikifanya kazi kwa mafuta pungufu wakati inapobeba mzigo mzito. Matokeo yake ni joto kali, injini kugonga, na hatimaye pistoni kutoboka au vali kuungua.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili ni pikipiki za Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1903 mjini Milwaukee, Marekani. Ni nadra kwa pikipiki hizo kubaki kama zilivyotoka kiwandani, na biashara ya vifaa vya kurekebisha injini zake ni kubwa kiasi cha kuifikisha kampuni hiyo mbele ya Serikali ya nchi yake. Anayeelewa namna injini hizo zinavyorekebishwa ataelewa pia pikipiki nyingine yoyote inayotumia kompyuta kupima mafuta.

Hewa ikiongezeka, mafuta nayo yaongezwe

Injini ya petroli huunguza mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, huhitajika takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Petroli iliyochanganywa na asilimia 10 ya ethanoli, kama inavyouzwa katika vituo vingi vya Marekani, huhitaji kiasi kidogo zaidi, karibu 14.1.

Uwiano huo wa 14.7 hupendwa na watengenezaji kwa sababu kifaa cha kusafisha moshi kilichomo ndani ya bomba hufanya kazi vizuri unapozingatiwa. Lakini si uwiano unaoipa injini nguvu nyingi zaidi. Mwendeshaji anapofungua mafuta yote, injini huhitaji mchanganyiko mzito zaidi, karibu na 13 kwa moja. Mafuta ya ziada huongeza nguvu na pia husaidia kupoza chumba cha mwako.

Chukuliwe mfano wa injini ambayo kompyuta yake imepangiwa uwiano wa 13 mafuta yanapofunguliwa yote. Iwapo bomba na kichujio kipya vitaruhusu hewa kuongezeka kwa asilimia 10, na mafuta yakabaki yaleyale, uwiano utakuwa 14.3. Mwendeshaji hataona mabadiliko hayo kwa macho, lakini kichwa cha pistoni kitayapata kama joto.

Katika pikipiki za zamani zenye kabureta, jawabu lilikuwa kubadilisha jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta, kwa kuweka chenye tundu kubwa zaidi. Kuanzia matoleo ya mwaka 2007, pikipiki zote za barabarani za Harley-Davidson ziliachana na kabureta. Tangu hapo mafuta hupimwa na kompyuta na kunyunyizwa na nozeli, na marekebisho yakahama kutoka kwenye bisibisi kwenda kwenye tarakimu.

Kompyuta hukadiria hewa, haiipimi

Wanunuzi wengi hudhani kuwa kompyuta ya pikipiki huipima hewa inayoingia kwenye injini. Ukweli ni kwamba katika pikipiki nyingi kompyuta hukadiria tu. Husoma shinikizo na joto la hewa katika njia ya kuingilia, husoma kasi ya injini, kisha hutazama jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali hilo ndilo linaloieleza kompyuta kwamba katika kasi fulani na shinikizo fulani, silinda hujaa hewa kwa kiasi fulani.

Jedwali hilo liliandikwa kwa injini ya kiwandani, kwa bomba la kiwandani na kamshafti ya kiwandani. Kimoja kikibadilishwa, jedwali huanza kusema uongo. Bomba na kichujio husababisha uongo mdogo. Kamshafti mpya, inayobadilisha muda wa vali kufunguka na kufungwa, husababisha uongo mkubwa.

Ni kweli kwamba kompyuta ina njia ya kujisahihisha. Kihisi cha oksijeni kilichofungwa kwenye bomba huieleza iwapo moshi una oksijeni ya ziada au la, nayo huongeza au kupunguza mafuta. Hata hivyo, kihisi cha kawaida kina upeo mfupi. Kinajua kusema kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, basi. Hakiwezi kutofautisha 13 na 12.

Kwa sababu hiyo, kompyuta hukisikiliza kihisi hicho katika mwendo wa kawaida tu. Mwendeshaji anapofungua mafuta yote, anapopanda mlima au anapolipita lori, kompyuta huacha kukisikiliza na kufuata jedwali peke yake. Ndiyo kusema, wakati injini inapofanya kazi ngumu zaidi ndipo isipokuwa na wa kuisahihisha.

Aina za vifaa vilivyoko sokoni

Majina ya vifaa ni mengi, lakini aina zake ni chache. Anayezifahamu aina hizo hatayumbishwa na matangazo.

Aina ya kwanza ni vifaa vya bei ndogo vinavyomdanganya mpimaji. Hufungwa kwenye waya wa kihisi cha joto na kuifanya kompyuta iamini kuwa hewa ni ya baridi kuliko ilivyo, ili iongeze mafuta. Nyongeza hiyo haichagui mahali. Huja hata pale isipohitajika, na katika mwendo wa kawaida kihisi cha oksijeni huipinga. Kwa injini iliyobadilishwa, kifaa cha namna hii hakistahili kununuliwa.

Aina ya pili ni kifaa cha kati. Hukaa kati ya kompyuta na nozeli, kikirefusha au kufupisha muda ambao nozeli hubaki wazi. Power Commander ya kampuni ya Dynojet ni miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Faida yake ni kwamba kompyuta haiguswi, na mwenye pikipiki anaweza kukifungua kifaa na kurudi alikotoka.

Udhaifu wake ni kwamba kompyuta haijui kuwa ina mwenzake. Kifaa kikiongeza mafuta, kihisi cha oksijeni hutoa taarifa, na kompyuta huyapunguza. Ndiyo sababu vifaa vingi vya aina hii huambatana na vizibo vya kielektroniki vinavyowekwa mahali pa kihisi ili kompyuta isiendelee kujisahihisha. Aidha, vingi hurekebisha mafuta pekee, na wakati wa cheche ya plagi hubaki ulivyokuwa.

Aina ya tatu ni kifaa cha kuandika upya programu. Huunganishwa kwenye kompyuta ya pikipiki, husoma yaliyomo, kisha huandika jedwali jipya ndani yake. Power Vision ya Dynojet, Fuelpak FP3 ya Vance & Hines na Mastertune ya TTS ni za kundi hili. Hapa mafuta, wakati wa cheche, mwendo wa injini ikiwa imesimama na kikomo cha mzunguko vyote vinaweza kubadilishwa, na kompyuta hufanya kazi kama vile hivyo ndivyo ilivyoandikwa tangu mwanzo.

Vifaa vya kundi hili kwa kawaida hufungamana na kompyuta moja. Baada ya kutumika kwenye pikipiki moja, haviwezi kutumika kwenye nyingine bila kununua leseni nyingine. Anayenunua kilichokwisha kutumika hana budi kuhakikisha kuwa kimefunguliwa, la sivyo atakuwa amenunua kiboksi kitupu.

Aina ya nne ni kompyuta kamili inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. ThunderMax ni mfano wake. Huja na vihisi vya oksijeni vya upeo mpana, vinavyoweza kusoma mchanganyiko mzito na mwepesi, na hujisahihisha pikipiki ikiwa barabarani. Bei yake ni kubwa kuliko za aina nyingine, na ikiharibika safarini, ni vigumu kupata karakana ya kawaida inayoifahamu.

Vihisi vya upeo mpana huuzwa pia kama nyongeza ya vifaa vya kundi la pili na la tatu. Kwa mwenye pikipiki asiye na karakana nzuri karibu, nyongeza hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko kifaa chenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoleta kipimo.

Kipimo nacho kinaweza kudanganya

Hata hivyo, kununua kihisi kizuri hakutoshi. Injini ya Harley-Davidson ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, moja mbele na nyingine nyuma, na milipuko yake haiachani kwa muda ulio sawa. Silinda ya nyuma hupata upepo mdogo wa kuipoza. Kwa hiyo silinda hizo mbili hazihitaji mafuta sawa, na kifaa kinachofaa ni kile chenye jedwali la kila silinda na kihisi kwa kila bomba.

Tatizo jingine huletwa na mabomba mafupi yaliyo wazi. Injini inapozunguka polepole, hewa ya nje huvutwa na kurudi ndani ya bomba hadi kwenye kihisi. Kihisi huona oksijeni, nacho hutoa taarifa kuwa mafuta yamepungua. Kifaa kinachojisahihisha huongeza mafuta, kisha huongeza tena, na pikipiki huishia kunuka petroli na kuzima kwenye foleni. Kihisi hapo hakikukosea kusoma, ila kimesoma hewa isiyotoka ndani ya silinda.

Ufa mdogo kwenye maungio ya bomba huleta matokeo yaleyale. Milipuko inayosikika mwendeshaji anapoachia mafuta mara nyingi hutokana na ufa wa namna hiyo, wala si jedwali. Fundi makini hukagua gasketi za bomba na njia ya hewa kabla ya kugusa tarakimu hata moja. Gasketi ni ya bei ndogo mno ikilinganishwa na kifaa cha mamia ya dola.

Njia ya kuaminika zaidi ni mashine ya kupima nguvu, ambayo gurudumu la nyuma huzungushia roli huku fundi akisoma moshi. Mashine hizo nazo hutofautiana. Zile zisizo na breki hupima injini inapokimbizwa kwa mafuta yote tu. Zenye breki humwezesha fundi kuishikilia injini katika kasi moja na mzigo mmoja, kisha kusahihisha kila sehemu ya jedwali. Sehemu kubwa ya safari hufanyika mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo, kwa hiyo mwenye pikipiki anapaswa kuuliza aina ya mashine kabla ya kulipa.

Karatasi yenye mchoro wa nguvu si ushahidi wa kutosha. Mteja aombe pia mchoro wa uwiano wa hewa na mafuta wa kila silinda, kabla na baada ya kazi.

Jedwali la mwenzio halikufai

Wauzaji wengi hutoa majedwali yaliyokwisha andikwa kwa kila mchanganyiko wa bomba na kichujio. Kwa mabadiliko madogo, majedwali hayo hufaa kama mahali pa kuanzia. Yana mipaka yake, nayo ni mafuta na mwinuko.

Kiwango cha okteni, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kugonga, huandikwa kwa njia mbili. Pampu za Marekani huonesha wastani wa vipimo viwili, ilhali Ulaya na sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, hutumia kipimo cha RON. Petroli ya 91 ya Marekani hulingana kwa makadirio na 95 au 96 ya RON. Mtu anayechukua jedwali la Marekani lililoandikwa kwa petroli ya 91, akajaza petroli ya RON 91, ataipa injini cheche ya mapema kuliko mafuta yake yanavyoweza kuvumilia. Injini itagonga hata kama kiasi cha mafuta ni sahihi.

Kuhusu mwinuko, mji wa Denver nchini Marekani uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha Nairobi. Katika kimo hicho shinikizo la hewa hupungua kwa karibu asilimia 17. Kabureta iliyorekebishwa pwani haina habari ya mabadiliko hayo, na hutoa mafuta mengi kupita kiasi. Kompyuta inayosoma shinikizo huyatambua na kupunguza mafuta. Kwa hiyo, kabla ya kununua kompyuta ya kubadilisha ile ya kiwandani, ni lazima kuuliza iwapo inasoma shinikizo la hewa au hutegemea tu kiasi ambacho mwendeshaji amefungua mafuta.

Nani anunue nini

Kwa pikipiki ambayo haijabadilishwa kitu, jibu ni fupi: haihitaji kifaa. Kompyuta yake inatosha.

Kwa iliyobadilishwa bomba na kichujio pekee, mabadiliko ambayo Harley-Davidson yenyewe huyaita Hatua ya Kwanza, kifaa cha kuandika upya programu chenye jedwali lililotayarishwa kwa vipuri hivyohivyo kinatosha kwa wengi.

Kwa iliyowekewa kamshafti mpya, jedwali la kununua halitoshi tena. Panahitajika kifaa cha kuandika programu pamoja na ama mashine yenye breki, ama vihisi viwili vya upeo mpana na subira ya kuendesha safari kadhaa katika kasi na mizigo tofauti hadi jedwali lijae vipimo.

Kwa iliyopanuliwa silinda au kubadilishwa vichwa, jambo la kwanza kuangaliwa ni nozeli. Nozeli ndogo inayolazimika kubaki wazi karibu muda wote haina akiba, na hakuna kifaa kitakachoipa mafuta yasiyopita kwenye tundu lake. Kwa mwenye injini ya aina hiyo, hasa anayeendelea kubadilisha vipuri kila msimu, ndipo kompyuta kamili inapostahili gharama yake.

Katika hali zote, programu ya awali ya kiwandani ihifadhiwe mahali salama kabla ya kuandika nyingine, kwani karakana inapofanya masasisho inaweza kuifuta kazi yote bila kukusudia.

Sheria nayo iko barabarani

Mwezi Agosti 2016, Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 baada ya Serikali ya Marekani kuituhumu kuuza takriban vifaa 340,000 vya kurekebisha injini. Serikali ilidai kuwa vifaa hivyo viliziwezesha pikipiki kutoa hidrokaboni na oksidi za naitrojeni kupita kiwango kilichoidhinishwa, kinyume cha Sheria ya Hewa Safi. Kampuni haikukiri kosa, na ilishikilia kuwa vifaa hivyo vilikusudiwa kwa mashindano pekee. Pamoja na hayo, ilikubali kuacha kuviuza nchini humo, kuvinunua tena kutoka kwa mawakala na kuviharibu.

Makubaliano ya awali yalikuwa pia na mradi wa dola milioni 3 wa kupunguza uchafuzi wa hewa, ambao uliondolewa mwaka 2017. Kilichobaki ni faini, na sharti kwamba vifaa ambavyo kampuni ingeviuza Marekani baada ya hapo viwe vimepata kibali cha mamlaka ya hewa ya jimbo la California.

Somo kwa mnunuzi ni kwamba maandishi ya “kwa mashindano pekee” kwenye boksi hayakuwekwa kwa mapambo. Yana maana kuwa muuzaji amejiweka kando, na mzigo umebaki kwa mwenye pikipiki. Anayeitumia pikipiki barabarani atafute kifaa chenye kibali katika nchi yake, na kabla ya kufungua bomba la kiwandani asome masharti ya dhamana aliyopewa.

Hatimaye, mwenye pikipiki anayesimama mbele ya kabati la duka ana maswali manne ya kujiuliza. Nimebadilisha nini kwenye injini hii? Ni nani atakayepima matokeo, na kwa chombo gani? Nitatumia petroli ipi? Je, sheria inaniruhusu? Akiyajibu hayo kwanza, vifaa vingi vilivyomo kabatini vitajiondoa vyenyewe. Akianza na kifaa, jibu atalipata baadaye, pengine kutoka kwa fundi anayemwonesha pistoni iliyotoboka.